Kabla Hujazima na Kuwasha Rimoti ya Winchi

Rimoti ya winchi ikigoma, neno la kwanza kutamkwa ni lilelile, iwe Makongolosi, Matundasi au kwenye karakana ya Mbeya mjini: zima, uwashe. Mara nyingi inakubali. Mzigo uliokuwa umening'inia unapanda, kazi inaendelea, na aliyeshika rimoti anasifiwa kwa kuijua mashine yake. Tatizo linaanzia hapo. Mashine iliyokataa kisha ikakubali bila mtu kujua sababu imebaki na hitilafu yake ileile, na juu ya hapo imemzoesha mwendeshaji dawa isiyotibu. Kuzima na kuwasha ni kipimo kizuri sana cha kutafutia ubovu, labda kizuri kuliko vyote kwa sababu hakigharimu kitu. Kukigeuzwa kuwa matengenezo, kunafuta ushahidi wa ubovu ambao siku moja utajitokeza mzigo ukiwa juu ya kichwa cha mtu.

Chunya ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mgodi wa Saza, uliotajika sana enzi za ukoloni, ulifungwa mwaka 1956, na kwa miongo mingi baada ya hapo kazi ilishikwa na wachimbaji wadogo, mpaka New Luika ulipoanza kuzalisha mwaka 2012 upande ambao sasa ni Wilaya ya Songwe. Soko la dhahabu likafunguliwa Chunya mwaka 2019. Pamoja na fedha zimekuja mashine: makarasha ya kusagia mawe, pampu, matangi ya kuchenjulia kwa sianidi, mitambo ya kuondolea dhahabu kwenye kaboni, winchi za kupandishia mawe na kuhamishia vitu vizito. Winchi nyingi zinaendeshwa kwa swichi ya kawaida au kwa vitufe vinavyoning'inia kwenye waya, na penye kreni au winchi ya juu, rimoti ya redio humwezesha mwendeshaji kusimama mbali na mzigo. Lakini kinachoitofautisha Chunya na kiwanda cha Dar es Salaam ni umbali. Duka la vifaa vya umeme lenye uchaguzi wa maana liko Mbeya, kilometa sabini na kitu kwa barabara ya mlimani. Kilichokosekana Mbeya kitatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800. Fundi wa kampuni iliyotengeneza kifaa, iwe ya Taiwan, China, Ujerumani au Italia, haji. Anayesimama mbele ya winchi iliyogoma ndiye fundi wa kwanza na mara nyingi wa mwisho, kwa hiyo anachokiona katika dakika ya kwanza kina uzito zaidi kuliko mahali ambapo mtaalamu anafika kabla ya chakula cha mchana.

Tuanze na namna kifaa kinavyofanya kazi, maana bila hivyo kila hitilafu inaonekana uchawi. Rimoti ya viwandani ni redio mbili. Moja iko mkononi. Nyingine, risiva, imefungwa kwenye kisanduku kilicho kwenye winchi yenyewe au karibu yake. Rimoti haitumi neno "panda" mara moja ikanyamaza. Wakati wote imewashwa inatuma vifurushi vidogo vya taarifa mfululizo, mara nyingi kwa sekunde, na kila kifurushi kina namba ya utambulisho wa rimoti hiyo, hali ya kila kitufe, na hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Risiva inakagua namba. Si yake, inatupa. Ikiwa ni yake na hesabu imekubali, inafunga rilei ndogo inayolingana na kitufe. Rilei hiyo inapeleka umeme kwenye koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayoruhusu umeme mkubwa wa volti 400 ufike kwenye mota. Kwa hiyo kati ya kidole na mota kuna hatua tano au sita, na nyingi kati yake hazimo ndani ya rimoti kabisa. Mtu anayeilaumu rimoti kila mara winchi inapogoma analaumu kiungo kimoja cha mnyororo mrefu, kwa sababu tu ndicho alichokishika.

Juu ya rilei za vitufe kuna rilei kuu, na hii ndiyo roho ya usalama wa mfumo mzima. Inabaki imefungwa pale tu risiva inapoendelea kupokea vifurushi sahihi. Betri ikifa, mwendeshaji akienda mbali mno, ukuta wa chuma ukiingia kati, au kitufe chekundu cha dharura kikibonyezwa, matokeo ni yaleyale: rilei kuu inaachia, kontakta kuu inakatika, na breki ya mota, ambayo hushikiliwa wazi kwa umeme, inabana yenyewe. Mzigo unabaki ulipo. Kanuni za kimataifa za mitambo inayoongozwa bila waya zinadai hivyo kwa makusudi: ukimya wa redio lazima usomwe kama amri ya kusimama. Kanuni hizohizo zinadai kwamba kukifungua kitufe chekundu kusiiendeshe mashine; kufanye tu iwezekane kuwashwa upya kwa kitufe kingine. Ndiyo maana baada ya kukizungusha kitufe kile kikaruka juu, bado unatakiwa kubonyeza cha kuwashia. Rimoti nyingi pia hukataa kuwaka kama kuna kitufe cha mwendo kilichobanwa wakati huo, hata kama kimebanwa na tope lililokauka pembeni ya mpira wake. Mwendeshaji anaiita mbovu. Imemzuia kuinua kitu ambacho hakukusudia kukiinua.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba kuanzisha upya kulikuwamo ndani ya rimoti tangu siku ya kwanza. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa redio katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kipokezi chake kilitegemea mrija wenye chembechembe za chuma ambazo zilishikana mawimbi yakizigusa na kupitisha umeme. Zikishashikana hazikuachana zenyewe, kwa hiyo kifaa kililazimika kuugeuza mrija baada ya kila ishara ili uwe tayari kwa inayofuata. Kwa Tesla, kuanzisha upya kulikuwa sehemu ya mpango, na yeye alijua hasa ni kitu gani kinachorudishwa mahali pake. Kwetu mara nyingi tunaanzisha upya bila kujua tumerudisha nini.

Sasa kiini cha hoja. Kwa nini zima-uwashe inafanikiwa mara nyingi kiasi hicho? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kompyuta ndogo iliyo ndani ilikuwa "imeganda". Hilo hutokea, na nitalirudia. Lakini kwenye winchi sababu kubwa huwa nyingine, nayo ni muda. Kuzima, kungoja kidogo, kuzungusha kitufe chekundu na kuwasha upya huchukua nusu dakika, dakika, wakati mwingine zaidi fundi akiitwa kwanza. Katika muda huo vitu kadhaa vya mnyororo vinapumzika, na kupumzika kunavirudishia nguvu ya kitambo.

Chukua volti. Kontakta ya kawaida imetengenezwa ili koili yake ivute sawasawa kuanzia asilimia 85 ya volti iliyoandikwa. Koili ya volti 230 inataka angalau 195 hivi. Mota ya karasha ikiwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kuipunguzia, huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule inaoutumia ikiwa imeshazunguka. Kwenye mwisho wa laini ndefu, au kwenye jenereta isiyolingana na kazi, mvuto huo unaishusha volti ya majirani wote kwa sekunde kadhaa. Kontakta za winchi zinaanza kulia kama nyuki, zinaachia, au risiva yenyewe inazimika. Mwendeshaji anaona rimoti imekufa. Anazima, anawasha, kufikia hapo karasha limeshashika mwendo, volti imerudi, winchi inapanda. Angengoja bila kugusa chochote isipokuwa kitufe cha kuwashia, ingekuwa vilevile. Na kila mara kontakta inapolia, ncha zake zinapiga cheche, zinaungua na kuwa na vipele, hadi siku zinaposhikana kabisa. Kontakta iliyoshikana ni ile ambayo umeachia kitufe cha kupandisha na winchi bado inapanda. Huo ndio mwisho wa njia iliyoanza na "rimoti yetu ina tabia ya kugoma kidogo asubuhi".

Chukua pia ovalodi, kile kifaa kidogo kilichounganishwa chini ya kontakta kinachopima joto la mkondo wa mota. Ndoo ikijazwa kupita kiasi, au fezi moja kati ya tatu ikipotea kwa sababu ya fyuzi iliyoungua au nati iliyolegea, ovalodi inapata joto na kukata. Ikiwa imewekwa ijirudishe yenyewe, ikipoa itafunga tena baada ya dakika chache. Mtu aliyekuwa akiibonyezabonyeza rimoti wakati huo atakwambia kwa dhati kwamba ameitengeneza. Mota inayozunguka kwa fezi mbili inaungua, na kuisuka upya si kazi ya siku moja. Kwa winchi ningeshauri bila kusita ovalodi iwekwe kwenye hali ya kurudishwa kwa mkono. Kero ya kutembea hadi kwenye kisanduku ni ndogo, na humlazimisha mtu kuona kwamba kilichokata ni ovalodi wala si rimoti.

Betri ni ya tatu, na ndiyo ya kwanza kukaguliwa kwa sababu ni rahisi. Betri kavu iliyochoka ikipumzishwa hupandisha volti yake kidogo, ikatosha kuwasha rimoti kwa dakika kadhaa kisha ikaanguka tena. Rimoti nyingi ndogo zinatumia betri mbili za volti 1.5, jumla 3, na betri bandia zilizojaa sokoni huanza vizuri na kuishiwa mapema. Kuzipima nje ya rimoti kwa mita kunadanganya, kwa sababu pasipo mzigo hata betri mbovu huonyesha namba nzuri. Kipimo cha uhakika ni kuweka mpya za kampuni inayoaminika na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu. Ukiwa umefungua hapo, tazama zile chemchemi za chuma: zikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, hilo nalo ni jibu. Kwenye uchenjuaji wa sianidi chokaa hutumika kuzuia gesi ya sumu isitoke kwenye tope, na vumbi lake huingia kila mahali. Rimoti yenye alama ya IP65 inazuia vumbi na maji ya kurushwa, lakini alama hiyo inahusu rimoti ambayo mpira wake wa kuziba haujawahi kufunguliwa na kurudishwa ukiwa umejikunja.

Betri, ovalodi, volti: katika zote tatu kuwasha upya kulionekana kutibu, na katika zote tatu ushahidi ulikuwapo kabla ya kuzima. Taa ya rimoti ilikuwa inamweka taratibu au haraka, nyekundu au kijani; taa za risiva zilikuwa zinawaka au la; kontakta ilikuwa inalia au kimya; karasha la jirani lilikuwa linaanza. Ukizima, vyote vinafutika. Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea unageuza desturi moja tu: tazama kwanza, zima baadaye. Mwendeshaji asimame penye usalama, atazame taa za rimoti na kama inawezekana za risiva, asikilize kontakta, abonyeze kitufe chekundu, aulize ni nini kimewashwa sasa hivi jirani, kisha aandike mistari miwili kwenye daftari linalokaa hapohapo. Baada ya hapo azime na awashe, mara moja. Winchi ikikubali na ikaendelea, daftari lina kumbukumbu. Ikigoma tena siku hiyohiyo, haiwashwi upya tena mpaka chanzo kijulikane.

Zipo mashine kubwa zaidi ya winchi ya Chunya zilizolipa gharama ya mazoea haya. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mtambo wa kutibu saratani kwa mionzi ulioitwa Therac-25, uliotengenezwa Kanada, uliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada dozi kubwa mno, na baadhi yao walikufa. Skrini yake ilikuwa ikitoa ujumbe wa hitilafu wenye namba tu, usioeleza kitu, na mara kwa mara bila madhara yanayoonekana. Waendeshaji wakazoea kubonyeza kitufe kimoja cha kuendelea. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mashine ilisimama na kuonyesha hitilafu namba 54. Mwendeshaji akabonyeza kuendelea kama ilivyokuwa kawaida, na mgonjwa, ambaye tayari alikuwa ameunguzwa, akapigwa mara ya pili. Mwendeshaji hakuwa mzembe. Mashine ndiyo iliyomfundisha kwamba kusimama kwake hakuna maana.

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora aina ya Patriot ulishindwa kulikabili kombora la Iraq, na wanajeshi 28 waliuawa. Ulikuwa umewashwa mfululizo zaidi ya saa 100, na kosa dogo katika hesabu ya saa yake ya ndani lilikuwa limefikia theluthi moja ya sekunde. Kuuzima na kuuwasha kungeirudisha saa hiyo kwenye sifuri. Hapa basi kuanzisha upya kulikuwa ndiyo dawa, na wahandisi walishajua kwamba muda mrefu unaleta kasoro. Siku chache kabla walituma onyo kwa watumiaji kuhusu kuwasha kwa "muda mrefu sana", lakini halikusema muda huo ni saa ngapi. Dawa bila maelezo ya ugonjwa haikujulikana itumiwe lini.

Kuna watakaosema kwamba hata vitabu vya watengenezaji vinaanza na zima-uwashe. Kweli, na vina haki. Chipu ya risiva inaweza kuganda kwa mshtuko wa umeme, kwa radi ya karibu msimu wa mvua, au kwa cheche za kontakta zisizo na kifaa cha kuzizimisha. Nyingi zina mlinzi wa ndani anayezianzisha upya zenyewe, lakini si mara zote. Pale kuwasha upya ni matengenezo halali. Hata hivyo kuganda kunakorudi kila wiki kuna sababu yake nje ya chipu: waya wa ardhi uliokatika, koili zisizo na kizuia cheche, jenereta inayopandisha na kushusha volti. Vitabu vile vinaandikwa kwa kudhani kwamba hatua ya pili na ya tatu zitafuata. Tunachofanya sisi ni kusoma mstari wa kwanza na kufunga kitabu.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Mawe yamelala chini, vibarua wanalipwa kutwa, mwenye shimo anadai mgao wake. Nani ana muda wa daftari? Lakini kutazama taa na kuandika mistari miwili hakuzidi muda wa kumpigia fundi simu, na simu ile itakuwa na maana zaidi. Fundi wa Mbeya anayeambiwa "rimoti imekufa" atakuja na rimoti. Anayeambiwa "taa ya rimoti ni ya kijani, taa za risiva zinazimika kila karasha linapoanza" atakuja na mita, na huenda asije kabisa kwa sababu atakuwa ameshakuelekeza upime wapi. Kwa mahali palipo mbali na vipuri, maelezo sahihi ndiyo kipuri cha bei nafuu kuliko vyote.

Haraka ya fedha ndiyo inayozaa pia ile njia ya mkato inayopendwa: kuunga dairekti. Fundi anafungua kisanduku, anaunganisha nyaya mbili za rilei kuu kwa kipande cha waya, na winchi "inapona". Kitufe cha kupandisha kinafanya kazi, cha kushusha kinafanya kazi. Kilichoondolewa ni kila kitu kilichoelezwa juu kuhusu ukimya wa redio. Sasa kitufe chekundu ni pambo, na siku kontakta ya kupandisha itakaposhikana hakutakuwa na kitu kati ya ndoano na ngoma ya winchi isipokuwa swichi kuu iliyo ukutani, umbali wa hatua ambazo hakuna atakayezipiga kwa wakati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamweka mwajiri kwenye lawama hapa, lakini hata bila sheria hesabu ni nyepesi. Na kisanduku chenyewe kina volti 400. Hakifunguliwi kabla swichi kuu haijazimwa, ikafungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayefanya kazi, na mita ikathibitisha kwamba umeme haupo. Kuzima rimoti hakuuondoi umeme kwenye kisanduku. Hilo huwapita hata mafundi wazoefu.

Kuna hatari moja ya kuwasha upya ambayo haitajwi vya kutosha, nayo inagusa hasa mahali ambapo umeme wa TANESCO na jenereta hupokezana. Mota ya fezi tatu huzunguka upande unaoamuliwa na mpangilio wa fezi. Jenereta ikiungwa na fezi mbili zikiwa zimebadilishana, ukibonyeza panda winchi inashuka. Wengi hucheka na kutumia vitufe kinyumenyume mpaka umeme urudi. Wasilolijua ni kwamba swichi ya kikomo, ile inayoizuia ndoano isigonge ngoma, imeungwa kwenye kontakta ya kupandisha. Fezi zikigeuka, mwendo wa kupanda unaendeshwa na kontakta ya kushusha, ambayo swichi hiyo haina habari nayo. Ndoano itapanda hadi kamba ikatike. Kwa hiyo baada ya kila kuwasha kulikofuata kukatika kwa umeme, jaribio la kwanza lifanywe bila mzigo na bila mtu chini: gusa kitufe cha kupandisha kidogo, uone kweli inapanda, sukuma swichi ya kikomo kwa mti mkavu, uone kweli inakata, bonyeza chekundu ikiwa inatembea, uone kweli inasimama. Ni majaribio matatu mafupi, na nionavyo mimi yana thamani kuliko cheti chochote kilichobandikwa mlangoni.

Mawimbi yenyewe yana visa vyao, ingawa hutokea mara chache kuliko watu wanavyodhani. Rimoti nyingi hutumia masafa ya karibu megahezi 433, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimeta 69 hivi. Wimbi hilo linazunguka nguzo na kuvuka turubali bila shida, lakini halipenyi mwamba wenye maji. Rimoti ya juu ya shimo isitegemewe kuongoza kitu kilicho chini yake. Antena ya risiva ikifungiwa ndani ya kisanduku cha chuma, umbali unaanguka kutoka mita mia hadi hatua chache, na kosa hilo hufanywa kwa nia njema ya kuikinga na vumbi. Angalia pia rimoti iliyoagizwa kwa soko la Marekani. Huko megahezi 915 ni ya vifaa vya aina hii. Kwetu eneo hilo linagusana na mitandao ya simu, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayogawa masafa. Ukiona winchi inakatika kila unapoukaribia upande wenye mnara, anza hapo. Na ikiwa kuna rimoti ya akiba iliyooanishwa na risiva ileile, ondoa betri zake. Rimoti ya akiba iliyoachwa mezani ofisini ni mwendeshaji wa pili asiyeuona mzigo.

Wapo wanaosema dawa ya yote haya ni kuacha rimoti na kurudi kwenye vitufe vya waya. Kwa winchi iliyokaa mahali pamoja, yenye mwendeshaji asiyelazimika kuhama, ninakubaliana nao karibu kabisa: waya hauna betri wala masafa. Penye kreni inayotembea, waya humvuta mwendeshaji chini ya mzigo, na rimoti ina faida ya wazi. Lakini wasidhani waya utaponya volti, ovalodi, kontakta au fezi zilizogeuka. Hizo hazijali amri imefikaje.

Wengine husema nunua mpya, bei imeshuka. Bei imeshuka kweli, na kuna siku kununua ndiyo akili. Ila risiva huuzwa kwa volti mbalimbali za kuendeshea: 24, 36, 48, 110, 220, 380. Winchi nyingi za China zina transfoma ndogo inayoshusha umeme wa vitufe hadi volti 36, na risiva ya volti 36 ikiungwa kwenye 220 inaungua kabla hata ya kuoanishwa na rimoti yake. Anayetumwa Mbeya aondoke na karatasi iliyoandikwa kutoka kwenye kibati cha risiva ya zamani: modeli, masafa, volti ya kuendeshea, idadi ya vitufe na kama vina mwendo mmoja au miwili. Nyuma ya karatasi hiyohiyo aandikiwe volti iliyopimwa kwenye koili ya kontakta karasha likiwa linaanza, si likiwa limezimwa. Ikiwa koili ni ya volti 230 na mita imesoma 180, safari iahirishwe, maana rimoti mpya itagoma kesho asubuhi saa ileile.